Risala ya Wamama wa Chini ya Bati, Siku Idara Ilipobadilishwa Jina Tena

Mugeni rasmi, tumekuona ukiangalia ziwa.

Tangu uketi kwenye kile kiti cha kitambaa chekundu, macho yako hayajatoka huko. Hatukulaumu. Kutoka kilima hiki cha Kadutu ziwa linapendeza, na mutu anayeangalia ziwa anaweza kukosa kuona watu wengi sana kwa mara moja. Wakubwa waliokutangulia waliliangalia pia. Tunawakumbuka wote, hata na makoti waliyovaa.

Papa Évariste wa protokoli alituletea jana risala iliyokwisha kuandikwa, sisi tuisome tu. Ilikuwa nzuri. Kila mustari ulikuwa na "shukrani za dhati". Tumeifungia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Hii ndiyo yetu.

KARIBU

Karibu Kadutu. Umekuja kuvuta kitambaa kwenye kibao kipya cha Idara, na tunajua kazi ya kuvuta kitambaa inavyochosha. Vigelegele tumepiga kama tulivyoombwa. Asante pia kwa pagne za kitenge mulizotugawia zenye jina la Idara. Bahati mbaya waliochapa wameandika jina la zamani, lile la kabla ya hili. Tumezivaa hivyo hivyo. Kwa kukimbizana na majina yenu tumeshakuwa na mapaja ya wanariadha.

HISTORIA

Mwanzo ilikuwa Ofisi ya Mama na Mutoto. Akaja mukubwa mumoja akaona mama amebeba mutoto muda murefu mno, akawatenganisha: ikawa Idara ya Mwanamuke na Maendeleo. Aliyefuata akarudisha watoto, akaingiza familia, vijana akawasukuma kwa wenzao wa michezo. Kiisha ikawa Idara ya Watoto na Usawa, na hapo tulipumua kidogo, sababu angalau mutoto alitajwa wa kwanza. Sasa karatasi mupya imetoka Kinshasa: usawa umebaki, watoto wameondolewa, na badala yao mumeweka "uwezeshaji". Ni neno refu, ndiyo maana kibao nacho kimekuwa kirefu.

Kila kibao kilipoteremshwa, sisi tuliomba lile bati. Mulinzi alifurahi kulitoa njiani. Maman Colombe, mwenyekiti wetu, anayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, akalipigilia juu ya jiko ambamo tunapikia watoto wanaolala kwenye meza za soko. Maandishi tuliyaweka juu, sababu upande wenye rangi haupati kutu upesi. Hatukuwa na ujanja mwingine.

Lakini ninyi wa Muhumba, mutaa wa wakubwa, pengine hamujui kitu kimoja. Hapa kwetu mulimani njia ya jirani inapita juu ya paa lako. Anayeshuka sokoni anasoma mapaa yetu kama gazeti. Basi watu walisoma, herufi kubwa za bluu: IDARA YA WATOTO NA USAWA. Wakaanza kubisha hodi.

MAFANIKIO

Mafanikio ya Idara ni mengi, na yote yametokea jikoni kwetu.

Polisi alileta mutoto aliyepotea, akamupigia saluti Maman Colombe aliyekuwa na mwiko mukononi. "Chef, mutoto ni huyu." Maman Colombe akamujibu: "Mukalishe hapo. Na wewe unawe mikono ule, unaonekana umepotea kuliko yeye." Mama wa mutoto alipatikana jioni ile ile. Andikeni kwenye ripoti yenu, tunawapa bure.

Kiisha akaja Mapendo.

Mapendo ana miaka kumi na mitano, ametoka Mumosho. Baba yake amekufa, na tonton Delphin, mudogo wa baba, amepokea ng'ombe za mahari kutoka kwa mununuzi wa dhahabu wa kule Mwenga. Mugeni rasmi, kwetu ng'ombe zikishaingia zizini hazirudi kwa miguu yao. Anayetembezwa ni binti. Yeye alikimbia kabla ya kutembezwa. Alipita juu yetu, viatu mukononi, akasoma bati, akashuka.

"Hapa ndipo kwenye Idara?"

"Hapana, mwanangu," Maman Colombe akasema. "Hapa ni jiko."

"Lakini imeandikwa."

Maman Colombe akamuvutia kigoda. Tulimupa bugali, akabaki.

MATATIZO

Tumeambiwa tusiongee matatizo mengi ili tusiharibu sherehe. Tunalo moja.

Tulimupeleka Mapendo kwenye Idara ya kweli, ile yenye viti. Papa Cédric, karani wa pale, alitupokea kwa heshima zote.

"Maman, kwa sasa sisi tuko na usawa tu. Watoto wameondoka."

"Wameondoka kwenda wapi, papa?"

"Wako njiani. Service itakayowapokea bado haijapewa attributions, yaani mamlaka ya kazi."

"Njia gani, papa? Ile ya Mwenga?"

Hakucheka. Maman Colombe akamuambia: sawa, huyu si mutoto tu, ni musichana anayeozwa kwa nguvu, hiyo si ndiyo usawa? Papa Cédric akafikiri vizuri sana. Akasema: "Angekuwa mwanamuke mukubwa tungemupokea. Huyu iko mutoto." Yaani kwa usawa, Mapendo bado hajakua, na kwa utoto, tayari amehamishwa. Ila kwa tonton Delphin amekua kabisa, hakikosekani hata kidole.

Tulipotoka, Papa Cédric, papa wa watu, akatukimbilia mpaka kwenye ngazi, akanong'ona kwa huruma: "Wamama, mujaribu kule Kadutu. Kuna nyumba moja imeandikwa juu ya paa, wanasema wanapokea vizuri."

Tukamushukuru. Tukarudi kwetu, mahali tulipotumwa.

Sheria inakataza kuoza mutoto aliye chini ya miaka kumi na minane. Hiyo, tunashukuru Mungu, bado hamujaibadilisha jina. Na jaji wa watoto tulimufikia. Alituambia wazi: "Idara yenyewe imulete, nitamulinda siku hiyo hiyo. Ninyi hamuna mamlaka." Ni kweli. Sisi tuna bati tu.

MAOMBI

Papa Évariste, tunajua hapa ndipo utaanza kutuonyesha saa yako. Ni saa nzuri. Ukae.

Mugeni rasmi, hatuombi jengo, wala mashine za kushona, wala semina. Hata hicho kibao kipya hatukigombanii, kitatufikia chenyewe, tunajua kuvumilia.

Tonton Delphin alichagua siku ya leo kuja kumuchukua Mapendo. Alihesabu kwamba wamama wote tutakuwa hapa tunakupigia vigelegele, na jiko litakuwa tupu. Akili anazo. Ndiyo maana hatukumuacha mutoto jikoni. Yule aliyekuletea maua, ukayapokea ukiangalia ziwa, ukayapitisha kwa mulinzi wako, ndiye Mapendo. Tulimuuliza kama tumutaje mbele ya watu. Akasema: "Munitaje, maman. Mutu asiyetajwa anapotea upesi."

Na yule papa wa koti la kahawia, pale chini penye pikipiki mbili, ambaye amekataa kuketi ijapokuwa tumemupa kiti, ndiye tonton Delphin. Ya kwanza ni yake. Ya pili unajua itamubeba nani mpaka Mwenga.

Wewe ukimaliza soda utapanda gari. Njia ya kushuka hapa ni moja. Ukiondoka, anapanda yeye kuja kumuchukua.

Jaji yuko bironi, ofisini kwake, tumeuliza asubuhi hii. Maman Colombe amevaa viatu vya safari. Gari lako lina nafasi nyuma, tumechungulia. Attributions zako ni hizi hapa, zimeshika mukono wa Maman Colombe.

Mungu akupe miguu yenye nguvu, mugeni rasmi, na akupe leo, sababu kesho atakuwa anawapa wengine. Atubariki na sisi tunaoziba njia ya gari lako kwa upendo. Kile kitambaa cha kibao kitangoja, hakina tonton.

Geuza shingo. Simama. Mufungulie Mapendo mulango wa gari.

Ni sisi,
Wamama wa Chini ya Bati,
Kadutu, Bukavu.