Namba Ishirini za Joab Oketch

Baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha chai, Joab Oketch anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025. Alikuja Kericho mwaka 1993 akiwa fundi wa umeme kutoka Nyakach, akailalamikia baridi wiki nzima ya kwanza, na hajaacha hadi leo.

Kompyuta zilipofika, wengi tulizikwepa. Yeye alizifungua. Mtandao wote, kuanzia ofisini hadi vituo vya kununulia majani vya Merigi na Siongiroi, ni kazi ya mikono yake. Nimekuwa msaidizi wake miaka kumi na minne, na mchango wangu mkubwa umekuwa kumtafutia vitu vya kurekebisha.

Chukueni Jumanne moja ya Machi mwaka jana. Kila mashine kwenye mtandao ina namba yake, na lazima mfumo unaosambaza programu uonyeshwe mpaka: zipi ni za ofisi, zipi ni za kituo. Unaweza kutaja subneti, yaani kipande kizima cha namba kama kilivyokatwa, au safu, kutoka namba hii mpaka ile. Joab alipenda safu. Mimi nikachagua subneti, maana ni mstari mmoja tu wa kuandika na chai ya saa nne ilikuwa tayari. Nilisahau kwamba mizani sita za kidijitali za Merigi nilizipa mwenyewe namba za kipande hicho hicho, moja hapa, nyingine pale, popote palipokuwa na nafasi.

Saa nne na nusu, programu mpya za kompyuta za ofisi zikaanza kumiminika kwenye mizani. Zikaganda. Wakulima walikuwa foleni, na majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia hupata joto yakawa mekundu, mekundu hayapokelewi. Chelimo, karani wa Merigi, alinipigia simu kuniuliza kama nimewahi kuchuma chai au huwa nainywa tu.

Joab hakunigombeza. Alimwomba Chelimo wafungue magunia na kutandaza majani kivulini, kisha akaifuta subneti yangu, akazihamishia mizani kwenye namba ishirini za mwisho na kuzichorea safu yao. Namba hizo aliziacha wazi tangu mwanzo. Nilikuwa nikimtania kwamba amemwiga mkewe, Molly, anayepika ugali wa mgeni ambaye hajaalikwa. Basi mgeni alikuwa amefika. Kufikia saa saba gunia la mwisho lilikuwa limepimwa, na hakuna hata moja lililorudishwa.

Baadaye aliniambia kwamba subneti inajua namba zilivyokatwa, haijui nani anafanya kazi wapi. Hilo lazima mtu aende mwenyewe akalione. Yeye alikuwa ameenda. Mimi, miaka yote hiyo, sikuwa nimekanyaga Merigi. Sasa nimefika, na Chelimo akanipa laini moja ya michai nichume. Nilimaliza nusu.

Asante, Joab. Kwenye safu ya Merigi zimebaki namba kumi na nne, na hatutazigawa zote. Moja ni ya simu yako, siku utakayokuja kututembelea. Nenda salama kwa Molly, na jua la Nyakach likufidie baridi yetu yote.