Bi Maji wa Maabara ya Zege

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, na familia imenituma niwasimulie maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Bi Maji.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mama akiwa mshonaji na baba fundi bomba, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, kisha sekondari ya wasichana, ambako mwalimu wa hesabu alimlalamikia mama kwamba binti huyu anabisha mno, mama akamjibu kuwa amerithi. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha ufundi, na mwaka 1974 akaajiriwa katika maabara ya kupima vifaa vya ujenzi, ambako alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2011, akiwa mkuu wa maabara hiyo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukandamiza vipande vya zege kwenye mashine mpaka vipasuke, ili ajue nguvu yake, na hakuchoka kutuambia kwamba zege halipati ugumu kwa kukauka, bali kwa kunyweshwa, ukilinyima maji likiwa changa litazeeka bila kukomaa, kama baadhi ya wajomba zetu.

Mwaka 1976 ilimwagwa sakafu ya ghorofa ya wodi mpya ya wazazi, msimu wa jua kali na upepo, na msimamizi wa ujenzi, kijana mtanashati mwenye haraka zake, akaiacha wazi bila magunia mabichi wala tone la maji. Vipande vya zege lilelile vilivyotunzwa ndani ya tangi la maabara vilifaulu vizuri, nayo sakafu ilipowekewa mizigo ilibonyea kidogo tu, kila mtu akafurahi, isipokuwa dada, ambaye alisema mbele ya wakubwa, "Tumepima vipande vilivyooga kila siku, sakafu yenyewe haijaoga hata mara moja."

Msimamizi akamuuliza, "Kwani imebonyea, dada yangu?"

"Kutobonyea si kutovunjika, kaka. Zege likikosa maji, ukakamavu, yaani kule kutobonyea, hupungua kidogo, lakini nguvu ndiyo inayoumia zaidi."

Siku ya ufunguzi ilikwisha kutangazwa, na kazi yake ilikuwa hatarini, lakini hakurudi nyuma. Vilikatwa vipande kutoka kwenye sakafu yenyewe, vikapasuka mapema mno, ufunguzi ukaahirishwa, mihimili ikaongezwa chini yake, na wodi ikafunguliwa ikiwa salama.

Msimamizi alinuna, kisha akaanza kufika maabara na maswali, kwanza ya magunia, baadaye ya mambo yasiyohusu magunia kabisa, na tarehe 8 Oktoba 1977 wakafunga ndoa. Binti yao alizaliwa mwaka 1979 katika wodi hiyohiyo, ambako mkunga alimfukuza shemeji kwa kukagua mihimili badala ya kumpongeza mzazi, na mtoto wa kiume akafuata mwaka 1982. Walibishana maisha yao yote, majirani ni mashahidi, na kila ubishi uliishia kwenye kicheko.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa mara kadhaa, akaomba kurudi nyumbani, na alasiri ya tarehe 2 Juni 2023 shemeji alikuwa akimsomea gazeti kando ya kitanda, dada akamwambia, "Soma polepole, mume wangu, leo hatuna haraka," akafumba macho, naye akaendelea kusoma hadi ukurasa wa mwisho, kabla ya kugundua kwamba msikilizaji wake ameondoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea viti na chai bila kuombwa, na wenzake wa maabara waliofunga mashine leo ili wawe nasi. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano, wote wabishi.

Dada yetu mpenzi, umetulea vyema, lala kwa amani.