Nilimwelekeza Korongoni

Sogeeni karibu, wanangu, wote wawili, na wewe kitindamimba acha hiyo shuka, hainipi joto tena. Duka ni lenu. Ndoana ndogo zimo kwenye kopo la chai, mishipi iko juu mbali na panya, na zile buti za mpira zenye kiraka msimuuzie mtu kabla hazijajaribiwa ndani ya beseni, maana maji ya mlima huu yanauma hadi mfupa.

Kila mteja huuliza swali moja: samaki wanakula wapi? Miaka yote nimewajibu, korongoni, chini ya maporomoko. Ni uongo. Sisi wavuvi wa huku ndivyo tulivyo, mtu atakupa koti lake lakini hakupi bwawa lake. Samaki wako juu ya daraja, penye jiwe lililopasuka, pale chemchemi inapoingia mtoni; nendeni kabla jua halijagusa maji, mtupe chambo upande wa kivuli, mnyamaze. Siri ya mtungi aijuaye kata, nikawa najisifu hivyo, mjinga mimi.

Sasa sikilizeni. Baba yenu mdogo alikuja dukani asubuhi moja. Tulikuwa tumenuniana tangu anishinde mbele ya watu kwa samaki mmoja mrefu kama mkono, wakanicheka, nami kicheko kile nikakibeba moyoni mwaka mzima. Akaja yeye kwanza, akasema, "Kaka, yaishe. Wanakula wapi wiki hii?" Nikamwambia korongoni. Wingu nililiona limekaa kileleni, wanangu, na nilijua mvua ikinyesha juu maji hushuka korongoni bila kubisha hodi, huku chini jua linawaka. Nikamfungia ndoana zake kwenye karatasi. Nikanyamaza.

Tulimpata siku ya tatu. Watu wakasema ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia, nikakaa mstari wa mbele nikipokea pole. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi hata sikujikwaa, nilikusudia. Nilikusudia apoteze siku yake tu, Mungu ni shahidi, siku moja tu.

Basi agizo langu ni hili. Andikeni kwa rangi ukutani mwa duka, herufi kubwa: penye jiwe lililopasuka. Na chini yake: wingu likikaa kileleni, msikanyage korongoni. Aulizaye aambiwe, hata akiwa adui. Na mama yenu mdogo, mjane wake, huyu anayenikorogea uji tangu nilale hapa... ngojeni, nivute pumzi... mwambieni nikishafumba macho. Mimi nimeshindwa, nimeogopa uso wake. Mungu awalinde, wanangu. Awape ulimi wa kweli. Msinuniane, hata kwa siku moja...

Mbona mmegeuka? Nani huyo mlangoni?

Shemeji. Umesimama hapo tangu lini?

Ndiyo... ni mimi niliyemwambia. Ni mimi. Lia, una haki... Umeshika nini hicho? Maji?

Shemeji... bado unaniletea maji?