Anyesi na Swali la Mara ya Pili

Wachungaji na wazee wetu, shikamooni, nanyi ndugu na majirani wa Ipagala mliokesha nasi, poleni, mimi ni Bartolomayo, kaka mkubwa wa marehemu, ukoo umenituma niwasomee maisha ya mdogo wangu, nami nitasoma nikiweza.

Anyesi Chilongani alizaliwa Zuzu tarehe 14 Agosti 1984, mtoto wa pili kati ya watatu wa mzee Daudi na mama Hilda, ambao wote wametangulia, akasoma shule ya msingi huko huko Zuzu kuanzia 1992 hadi 1998, akaenda sekondari ya bweni, akafundisha miaka michache, na mwaka 2009 akaingia chuo kikuu kule Chimwaga kusomea saikolojia, akabaki huko kazini. Tarehe 3 Septemba 2011 alifunga ndoa na shemeji yetu Cornel, na tarehe 20 Machi 2013 wakajaliwa binti yao wa pekee, Lulu.

Aliyempeleka kwenye saikolojia ni mdogo wetu Nathanaeli, mnamjua, na nimemwomba ruhusa ya kulisema hili. Tangu ujana wake humpenda mtu asubuhi na kumfukuza jioni, hujikata mikono kwa wembe, huomba radhi, kisha huharibu tena, wengine mkasema ni kiburi, wengine mkasema amelogwa, Anyesi akachoka kuyasikia, akataka mdogo wake aulizwe kwa Kiswahili anachokielewa, ijulikane anaumwa nini, atibiwe.

Hojaji za kupima matatizo ya haiba, yaani ya hulka ya mtu kama hayo ya Nathanaeli, zilikuwa za lugha za ugenini, akaanza kutafsiri moja mwaka 2019, na mwaka 2021 akaipeleka kwetu Zuzu kuijaribu, kwa sababu hojaji haiaminiki mpaka mtu yule yule, akiulizwa leo na akiulizwa tena baada ya wiki mbili, majibu yake yakaribiane. Sasa ninyi mnajua kwetu, mtu mzima ukimuuliza jambo lile lile mara mbili umemwambia kwamba jibu la kwanza hukuridhika nalo, basi kwa heshima wakampa jingine, aliyekuwa na hasira akawa hana, aliyekuwa hana akawa nayo, na walidhani wanamsaidia binti yao. Mwaka uliofuata akarudi kuwaeleza kwamba mara ya kwanza hawakukosea, nao wakaelewa kwamba anataka majibu yafanane, wakayakariri, akina mama wakakumbushana bombani, yakafanana yote, na hayo nayo hayakufaa kitu. Chuoni kazi ilikataliwa ikarudishwa, yeye mwenyewe akakubali kwamba ilistahili, na tangu hapo sikumwona akicheka sawasawa.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa mara kwa mara, akaisha mwili. Nathanaeli, ambaye miaka yote alikataa kuulizwa akisema dada anamtafutia jina la ukichaa, alikwenda wodini peke yake Jumamosi tarehe 7 Juni, akaomba asomewe maswali, Anyesi akayasoma yote huku akipumzika kila baada ya machache, kisha akamwambia arudi Jumamosi tarehe 21, asibadilishe kitu kwa kumhurumia, wala asikariri, aseme tu atakavyokuwa siku hiyo. Alifariki Jumatano tarehe 18, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kuteka maji, wafanyakazi wenzake wa Chimwaga, na watu wa Zuzu mliokuja kwa malori. Ningependa kuwaambia kwamba kazi yake itaendelea, lakini sitawadanganya mbele ya jeneza, katika ukoo wetu hakuna anayeijua.

Leo ni Jumamosi, tarehe 21. Nathanaeli amefika tangu alfajiri, yule pale, amekaa kando ya jeneza, amekataa hata chai, anasema aliambiwa arudi leo.

Pumzika, mdogo wangu Anyesi. Amekuja kujibu, na wa kumuuliza hatuna.