Rwamba, Dereva Aliyekivuta Kijumba Hadi Ishiara

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Jerusha Rwamba Njiru atakabidhi funguo za pikapu ya Kliniki ya Macho ya Kirimara na kustaafu, baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na sita na miezi minane. Ndiye dereva wetu, na ndiye fundi wetu. Wiki hizi za mwisho wengi wetu tumejikuta tukichungulia dirishani kila asubuhi hapa Kaaga, kuhakikisha kwamba bado yupo uwanjani, amechuchumaa nyuma ya gari na kitambaa cha grisi mkononi.

Rwamba ni mzaliwa wa Ishiara. Alikuja Meru mnamo Machi 1999 akiwa na leseni ya udereva na barua ya mchungaji wake, akaajiriwa kupeleka dawa kwenye zahanati. Mwaka 2004 wafadhili walituletea trela: nyumba nyeupe ya magurudumu, ya aina ile ambayo wenye nafasi huivuta kwenda kulala mbugani wakati wa likizo. Tulitoa vitanda na jiko, tukaweka meza ya upasuaji na darubini ya daktari. Tukaiita Kijumba. Ilikuja na kitabu cha maelezo ambacho hakuna aliyekifungua isipokuwa Rwamba. Alikaa nacho miezi miwili, kamusi pembeni.

Hata hivyo, safari ya kwanza ilimwaibisha. Kikombe cha trela kilikuwa kimekaa tu juu ya mpira wa chuma ulio nyuma ya pikapu, bila kuumeza na kujifunga. Kufika Makutano, tuta moja lilitosha. Kikombe kiliruka, Kijumba kikapiga magoti katikati ya barabara, na kilichobaki kukishikilia ni minyororo miwili ya usalama. Malori yalipiga honi, wauza ndizi wakaacha biashara wakaja kuinua. Mmoja wao alimwuliza, "Mama, na si ungehama na vyombo tu, nyumba uiache?"

Kisa hicho huwasimulia madereva wapya yeye mwenyewe, akicheka hadi machozi yamtoke. Halafu huacha kucheka ghafla na kuwaonyesha kazi. Ukishafunga kikombe, zungusha jeki ya trela kama unayetaka kuinua pua yake. Mkia wa pikapu ukiinuka nayo, kikombe kimeshika. Minyororo ipite kwa kupishana chini ya kiungo, ili pua ya trela ikianguka ipate pa kulala. Masanduku mazito yakae mbele ya magurudumu, kwa sababu yakikaa nyuma Kijumba hutikisa mkia, na hapo, husema, si wewe tena unayeendesha.

Lakini somo lake kubwa ni breki. Kijumba kina breki zake zenyewe, zinazotumia umeme wa pikapu, na kando ya usukani kuna kijiti kidogo cha kuzikamatia. Kila asubuhi kabla ya kutoka langoni, Rwamba husogeza gari polepole na kubonyeza kijiti hicho peke yake. Trela ikilivuta gari nyuma kama mbuzi aliyekataa kamba, safari ipo. Na ikianza kuyumba mteremkoni, usikanyage breki za gari wala usiongeze mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta, bonyeza kijiti, uache Kijumba kijinyooshe kwa kujivuta chenyewe.

Asubuhi moja ya Agosti 2013, Kijumba hakikuvuta. Mimi nilikuwepo, nikiwa muuguzi mpya. Tulikuwa tunakwenda Ishiara kuwapasua watu thelathini na wanne wenye mtoto wa jicho. Rwamba alisogeza gari, akabonyeza kijiti, na trela ikaendelea kutufuata kana kwamba hakuna lililotokea. Alirudia mara nne. Kisha alizima gari na kushuka.

Katika orodha ya siku ile, jina la saba lilikuwa la mama yake, Kagure. Alikuwa haoni kwa miaka miwili. Katika boma la Kagure huko Ishiara alikuwa amelala mgonjwa dada yake mkubwa, Ruguru, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka, na jambo alilolitaka Kagure kuliko yote lilikuwa kuuona tena uso wa dada yake. Sote tulijua. Rwamba alikuwa amelizungumzia juma zima.

Daktari Mugendi, aliyekuwa mkuu wetu, alimfuata pale nje. "Rwamba, watu wanatungoja tangu alfajiri, na mmoja wao ni mama yako. Twende polepole tu."

"Daktari," akasema, "kutoka Nkubu kuteremka Mitunguu, polepole haitoshi. Kijumba kina tani moja na nusu. Kikianza kutusukuma, breki za pikapu zitachemka kabla hatujafika chini."

"Ungekuwa peke yako ungeenda?"

"Ningeenda," akasema. "Ndiyo maana sitaki kuulizwa hivyo."

Hatukuenda. Fundi wa gereji alipofungua magurudumu alikuta waya wa breki umekatika ndani kwa ndani upande wa kushoto, na upande wa kulia grisi imevuja ikalowesha breki zote. Ilibidi vipuri viagizwe Nairobi. Kesho yake daktari alimtuma Rwamba na pikapu tupu amlete mama yake apasuliwe hapahapa Kaaga, kwa kuwa Kijumba kilikuwa kimesimama uwanjani. Alirudi peke yake. Mama Kagure alikataa kupanda gari. Alisema hawezi kupita mbele ya majirani zake waliopanga foleni pamoja naye. Angengoja zamu ya saba, hata kama ni mwezi.

Siku ya tisa, Ruguru alifariki.

Rwamba alimzika mama yake mkubwa Jumamosi, na Jumatatu alikuwa kazini, chini ya trela, akimsaidia fundi kufunga waya mpya. Siku ya ishirini na tatu tuliteremka Mitunguu, breki zikishika vizuri, tukafika Ishiara, na Mama Kagure akawa wa saba. Nilimfungua bendeji mwenyewe kesho yake, mwanawe akiwa amepiga magoti mbele ya kiti.

"Umekonda," mama alisema alipomwona.

Rwamba alianza kulia. "Mama, nisamehe. Ningekuja siku ile, ungemwona."

Mama Kagure alimpapasa uso kwa vidole, ingawa sasa aliona. "Na kama ungeangukia njiani, ningefunguliwa macho nione nini?"

Kisha akaomba apelekwe kaburini kwa dada yake. Alikaa huko hadi tulipomaliza kufunga vyombo. Mama Kagure aliishi miaka minane zaidi, akiona vizuri, akisoma Biblia yake bila kuazima miwani ya mtu. Rwamba aliwahi kuniambia kwamba alijua alifanya sawa, na kwamba kujua huko hakujamwondolea hamu ya siku ile moja kurudi, breki zikiwa nzima.

Tangu wakati huo amewafundisha madereva kumi na mmoja. Ameandika kanuni zake kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja uliobandikwa ndani ya kila gari letu. Amekivuta Kijumba hadi masoko ambayo hayakuwa na daktari wa macho, na zaidi ya watu elfu sita wameingia humo wakiongozwa kwa mkono na kutoka wakitembea wenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyeumia njiani.

Jambo moja alilikosa miaka yote hii: nyumbani. Ishiara alifika mara nyingi kuliko sisi sote, lakini alifika na ratiba, akaegesha kwenye uwanja wa kanisa, akalala kando ya mitambo, akaondoka na msafara. Mananasi na pojo za jirani alizinunua dirishani injini ikinguruma. Sasa anarudi kuishi, kwenye shamba la mama yake, apande mtama na kufuga mbuzi.

Tulimwuliza anataka zawadi gani. Alikataa saa, akakataa blanketi. Ameomba kwamba Ijumaa hiyo Gedion, mmoja wa madereva aliowafundisha, aendeshe, na yeye akae kiti cha abiria hadi Ishiara. Anasema barabara ya Mitunguu ameiona upande mmoja tu, upande wa kioo cha kuangalia nyuma, na anatamani kuona milima ile ikishuka bila kuhesabu kona.

Dada Rwamba, asante kwa kila asubuhi uliyosogeza gari polepole, na kwa ile moja uliyolizima. Uwanja huu utakuwa mkubwa mno bila wewe. Mvua ikunyeshee kwa wakati wake, mbuzi wako wazae mapacha, na macho yako yaone mbali. Tukipita sokoni tutapiga honi. Toka nje utusalimie, na kama breki hazitakupendeza, tuambie.

Mutwiri Njura, muuguzi wa macho, kwa niaba ya wafanyakazi wote