Mwerezi na Ndege Asiyekuwepo

Kwenye benchi nje ya karakana ya Fundi Msumeno, hakuna jambo linaloamuliwa kabla ya kulinganishwa na jingine. Ndiyo desturi ya wanakijiwe, na ndiyo sababu hakuna jambo lililowahi kuamuliwa. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa na haraka. Binti yake anaolewa, amemwahidi kabati la mwerezi, na mwerezi pekee uliobaki mtaani ni ule uliokuwa ukiwapa kivuli. Roho ilimsuta kuukata kimyakimya. Akamimina kahawa, akaomba baraka za wenzake.

Kinyozi, ambaye elimu yake yote hutokana na magazeti ya kufutia wembe, alisema amesoma habari za ndege mwimbaji aliyetoweka duniani. Basi wakaanza kumlinganisha na mwerezi.

— Ndege alikuwa na mabawa na bado hakukimbia, alisema Kinyozi. Uzembe wake huo. Mti je, utakimbilia wapi?

— Hakutoweka, alisema Profesa, muuza vitabu chakavu ambaye hajawahi kumaliza hata kimoja. Alisusa. Kaimba miaka nenda rudi, hakuna aliyemwambia asante.

— Basi na mwerezi umesusa, alisema Kinyozi. Ushawahi kuusikia ukisema neno?

Fundi aliona upenyo. Akadai hasara ya ndege ni kubwa zaidi, maana mti ukikatwa linabaki kabati, ila ndege hakubakiza hata kijiti. Alijua anajitetea, na aliona haya kidogo, lakini akaendelea. Profesa akafika mbali zaidi: kumbe mierezi yote ni ndege waliochoka kuruka, na majani yake membamba ni manyoya yaliyokauka. Wakatikisa vichwa, kwa ile heshima wanayopeana watu wasiojua kitu.

Binti wa Fundi, aliyekuja kuchukua ufunguo wa nyumba, aliwaamkia wote akasimama kusikiliza.

— Baba, huyo ndege alikuwa anaimbaje?

Gazeti la Kinyozi halikusema. Profesa alikunja midomo apige mluzi, ukatoka upepo mtupu. Fundi akaiwaza siku ambayo mjukuu wake atauliza mwerezi ulikuwaje, na watakaomjibu ni wao watatu. Moyo ukamwuma kwelikweli.

— Mwanangu, akasema, kabati lako nitalitengeneza kwa mbao za dukani.