Mchanga wa Chumvi na Kandarasi ya Shule ya Mandawa

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, Bwana Liwali na wajumbe wa Baraza, Baba Padri, Shehe wetu, wageni mliotoka Nachingwea, Likunja na Mandawa, nanyi mafundi, wachota maji na wabeba mawe, mliosimamishwa nyuma juani ingawa nyumba hii mmeijenga ninyi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Saadi Abdulatifu, karani wa kazi wa mkandarasi. Nimepewa karatasi hii niwasomee maneno ya kumshukuru mkandarasi wa Dar es Salaam kwa kutujengea wodi ya wazazi hapa Ruangwa. Nimeikunja. Nitasoma daftari langu mwenyewe, ambalo naliandika kila siku tangu nilipomaliza shule. Watakaochukia wanisamehe. Mimi nimechukia tangu Alhamisi.

Alhamisi Baraza lilikataa ombi la Fundi Eustakio na wenzake wanne la kujenga shule ya Mandawa. Sababu iliyoandikwa ni hii: mwombaji hana ushahidi kwamba amewahi kusimamia jengo. Jumatatu kandarasi hiyo atapewa mgeni. Basi, waheshimiwa, ushahidi mnaoutaka ninao mkononi.

Tarehe 11 Juni, 1956. Lori limeleta mchanga. Fundi Eustakio akachota kidogo, akautia ulimini, akatema. Akamwambia msimamizi wa mkandarasi, "Bwana msimamizi, mchanga huu una chumvi. Urudishwe." Bi Mwanaima, mchota maji wetu, alikuwa ndiyo kwanza ametua ndoo yake, akasema, "Fundi, ukimaliza kuonja mchanga, njoo uonje na mboga yangu!" Tukacheka sote, hata mimi. Eustakio hakucheka. "Dada, pale lori lilipochota ndipo mama yako alipokuwa akichuja udongo na kuchemsha maji yake apate chumvi, wakati wa vita vya Mjerumani. Umesahau?" Bi Mwanaima akamgeukia msimamizi. "Bwana, ni kweli. Pale ni mahali pa chumvi." Msimamizi akajibu kwamba hakuja Ruangwa kufundishwa kazi na wapishi, na mchanga ule ukajengewa.

Nani kati yenu, wazee wangu, hapajui mahali pale? Nani hakulelewa kwa chumvi ile? Jambo ambalo kila bibi wa hapa analijua, mtu mwenye ramani na miwani alilikataa kwa sababu tu lilitoka katika kinywa chetu.

Tarehe 9 Oktoba. Ukuta wa kaskazini unatoka jasho, lipu inabanduka kama ukoko wa ugali. Msimamizi amekwenda Lindi. Hakurudi kwa wiki saba. Katika wiki hizo Eustakio aliubomoa ukuta ule, akaagiza mchanga mwingine kutoka Likunja, akauosha, akaisoma ramani kama alivyofundishwa misheni, akawapanga watu thelathini na wawili, akaezeka kabla mvua haijashuka. Msimamizi aliporudi alikuta paa, akapiga picha chini yake.

Nauliza: wiki saba zile, ni nani aliyesimamia jengo hili?

Lakini msidhani nimekuja kumlaumu mtu mmoja, nikajisafisha mwenyewe. Daftari la kazi la mkandarasi lilikuwa na safu mbili tu, ya msimamizi na ya vibarua. Kila asubuhi, kwa miezi kumi na minne, niliandika kwa mkono huu: Eustakio, kibarua. Niliona kuta zikipanda mikononi mwake, nikaandika kibarua. Niliagizwa, nami sikubisha, kwa kuwa nilipenda kusifiwa mwandiko wangu. Alhamisi Baraza lilifungua daftari hilo hilo, likaamini. Uongo ule ni wangu.

Nanyi wajumbe! Wangapi kati yenu mmelala juzi na jana chini ya paa lililoezekwa na Eustakio? Nyumbani kwenu ni fundi hodari, barazani ni mtu asiyejulikana. Mnamtaka aonyeshe jengo la kwanza kabla hamjampa la kwanza. Uzoefu huo mnadhani unaota porini kama uyoga?

Ikiwa shule nzima ni mzigo mkubwa, mpeni madarasa mawili, mkayapime, kisha mumpe mengine. Mashine ya kuchanganyia zege inaota kutu Nachingwea tangu ule mradi mkubwa wa Serikali wa kulima karanga ulipokwama, mwazimeni. Fomu za kuomba kandarasi zimeandikwa kwa Kiingereza. Nitamjazia na kumfundisha mpaka azijaze mwenyewe. Na mgeni yeyote atakayepewa kazi katika wilaya hii afungwe na sharti la kuwafundisha mafundi wetu makadirio na vipimo, ili siku akiondoka asiondoke na elimu yote ndani ya lori lake.

Alhamisi jioni nilikwenda kwa Eustakio, nikakuta ananoa mwiko wake. Aliniambia, "Saadi, usijisumbue, bwana. Jumatatu nitamfuata huyo mgeni Mandawa, nikaombe kazi. Kibarua ni kibarua." Waheshimiwa, angenitukana ningepata usingizi. Mtu aliyesimamisha nyumba ambamo watoto wetu watazaliwa, nimemfundisha mimi, kwa wino, kujiita kibarua.

Kwa hiyo nimeandika barua. Inaeleza, kwa tarehe, kazi aliyoisimamia Eustakio, na inakiri kwamba daftari la mkandarasi nililiandika isivyo kweli. Nimetia sahihi, Bi Mwanaima na watu kumi na wanane wametia dole gumba. Najua kwamba kabla ya jua kutua sitakuwa karani wa mtu. Bwana Mkuu wa Wilaya, barua ni hii, na Jumatatu bado haijafika.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Karani huketi akimaliza kusoma, lakini mimi nitabaki nimesimama hapa, mkono nimeunyoosha, mpaka barua hii ipokewe.